Ukiziba Ufa

Toledo, mji wa viwanda vya vioo, Februari,
theluji imegeuka tope kwenye ngazi za duka langu.
Lorna Piatkowski alipangusa viatu mara tatu
kama mtu aingiaye kanisani akiwa na deni.
Kwapani, ndani ya foronya, kitabu cha vibonzo:
toleo la nne, mwaka arobaini na mmoja, bei senti kumi.

Nikakishika kwa ncha za vidole.
Mgongo umenyooka. Pini hazina kutu.
Joho la shujaa buluu tupu, bila mkwaruzo,
na hapo ndipo moyo uliponiingia baridi:
miaka themanini na ushei, mikono ya watoto, paa linalovuja,
na hakuna hata kovu?
Kizuri mno kina neno.

Nikazima taa ya juu, nikawasha ya urujuanimno.
Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humfichua;
kwangu hakupigwi kilio, huwashwa balbu tu.
Joho likapasuka gizani. Kipande kimoja,
ukubwa wa kiganja cha mtoto, kikawa cheusi tititi,
na kando ya mgongo gundi iking'aa
kama njia aliyopita konokono.

"Nani alikigusa?"
"Baba. Tulikichana tukikigombania, mimi na Kazik.
Alikuwa ametoka zamu ya usiku, hakulala.
Alipika uji wa ngano, akaubandikia,
akachanganya wino wa kalamu na majivu kidogo
mpaka buluu ikakubali."

Nikamtajia bei, maana bei haina adabu.
Kingebaki na mpasuko wake, kimechakaa kwa haki yake,
elfu kumi na nane.
Hivi kilivyoponywa, elfu nne, labda,
pamoja na lebo ya zambarau itakayokisengenya
kila kiendako.

"Yaani afadhali jeraha?"
"Jeraha ni la kitabu," nikasema. "Dawa ni ya mtu."
Usipoziba ufa, utajenga ukuta: ndivyo tunavyoonyana.
Katika biashara hii ukiziba ufa
umeuza ukuta kwa bei ya udongo.

Yangu sikumwambia.
Miaka ya themanini nilikuwa daktari.
Waliniletea kurasa zilizooza, nikaziosha,
nikajaza matundu kwa karatasi ya Kijapani
nyepesi kama ngozi ya kitunguu,
nikapaka nyekundu penye pengo,
wakanilipa, wengine wakanikumbatia.
Kisha soko likageuza shingo.
Leo vinarudi vile vile. Navijua,
kama mshonaji ajuavyo mshono wake kwenye mgongo wa mpita njia,
na wenyewe wananilipa tena, nifumue.

"Naweza kuitoa kazi ya baba yako," nikasema.
"Kitapanda hadi elfu kumi na moja. Kumi na mbili, tukibahatika."
Akahesabu kitu kwa vidole, midomo ikicheza.
Huenda tanuri la nyumba, huenda dawa za Kazik. Sikuuliza.
"Itoe."

Siku nne. Pamba kwenye kijiti, tone la maji, tone la spiriti.
Buluu ikapanda polepole kwenye pamba,
bila ugomvi, kama iliyokuwa ikingoja kuitwa.
Chini yake karatasi ya kahawia, kavu,
na kwenye ukingo wa mpasuko
alama za meno mawili ya mtoto.
Habari ya meno hakuwa amenieleza.

Aliporudi hakukitazama kitabu.
"Pamba ziko wapi?"
Nilikuwa nimezitupa.
Nikapiga magoti penye ndoo, mimi na umri wangu,
nikazichambua katikati ya maganda ya machungwa:
kumi na saba. Akazitia kwenye chupa tupu ya vidonge,
akaitikisa sikioni,
akafunga kifuniko.

Nikaandika stakabadhi:
*Gundi imeondolewa. Wino umeondolewa.*
Kalamu niliyoishika, niliona nikiwa nimeshatia sahihi,
ilikuwa ya buluu.